Uso wa Halina kwenye Mpira wa Kumi na Mbili

Nina habari ambayo hamtaiamini, na mkiiamini nitawashangaa, maana hata mimi niliyekuwepo kuna sehemu zake naziamini siku za Jumapili tu. Ilitokea hapa hapa Hamtramck, mji wetu wa viwanda vya magari hapa Marekani, kwenye ukumbi wa Kubacki, Jumamosi moja ya mwezi wa pili mwaka 1961, saa kumi alasiri, mbele ya kila mtu aliyekuwa na televisheni au jirani mwenye televisheni.

Jina langu ni Chester Gasiorek. Shule niliacha darasa la nane, si kwa ujinga, ila walimu walikuwa wameishiwa vitu vya kunifundisha. Daftari hili la mistari amelinunua mpwa wangu Renata, na meza ninayoandikia ni ya baba yake, Florian Dudzik, ambaye ndiye mwenye habari yenyewe. Florian ni shemeji yangu. Alimwoa dada yangu mdogo, Halina. Yuko hapa, upande wa pili wa meza, anamenya viazi huku ananitazama kama askari wa barabarani.

"Usianze na wewe," ameniambia sasa hivi.

"Sijaanza na mimi."

"Nasoma kichwa chini miguu juu, shemeji, lakini nasoma. Naona Chester, naona walimu. Mimi sijatokea bado."

Haya. Tuanze na yeye.

Kwa miaka thelathini na mmoja Florian alisimama mahali pamoja kiwandani. Magari yalimfikia hayana milango, yakaondoka yana milango. Ukimuuliza alifanya kazi gani maishani atakujibu, "Milango." Mazungumzo yameisha. Ni mtu wa maneno machache hivi kwamba siku aliyokuja kwetu kuposa, marehemu baba yangu alidhani amekuja kusoma mita ya gesi, akamwonyesha ngazi za kushukia chumba cha chini, iliko mita. Florian akashuka. Akakaa huko robo saa akisubiri aulizwe shida yake. Halina ndiye aliyemfuata.

Lakini mpe mpira wa bolingi mkononi, utadhani ni mtu mwingine. Mchezo mnaujua: mpira mzito kama mtoto mchanga aliyelishwa vizuri, njia ya mbao iliyopigwa vanishi, na mwisho wake pini kumi za mbao, nene kama chupa, zimesimama kwa pembe tatu. Ukiziangusha zote kwa mpira mmoja, hiyo ni straiki. Straiki kumi na mbili mfululizo ni pointi mia tatu, mchezo mkamilifu, na hata Papa akishuka kutoka Roma na viatu vyake vyekundu hawezi kukupita. Florian alikuwa anaupeleka mpira taratibu, hana haraka, kama anayelifungia gari mlango. Mpira ukifika kule mbele unasikia mlio mmoja tu. Mimi ndiye niliyemfundisha.

"Ulinifundisha mahali pa kukodi viatu," amesema.

Tuyaache.

Siku hizo televisheni ilikuwa ndiyo kwanza imeugundua mchezo wetu, na ilikuwa kama vile ilitengenezwa kwa ajili yetu. Besiboli kwenye kile kioo kidogo ilionekana kama siafu juu ya shuka. Lakini bolingi! Mtu mmoja, mpira mmoja, njia moja iliyonyooka, kamera haina pa kupotelea. Kila Jumamosi saa kumi kulikuwa na kipindi, Bingwa wa Jumamosi, kikitoka moja kwa moja ukumbi huu wiki hii, ukumbi ule wiki ijayo. Jaworski mwenye bucha aliweka televisheni dirishani katikati ya soseji, watu wakajaa barabarani wakisukumana kwenye theluji. Padri Ignacy alisogeza saa ya maungamo kutoka saa kumi hadi saa kumi na moja, na dhambi zetu zikasubiri kwa adabu.

Na waliokuwa wanacheza kwenye kioo hawakuwa malaika. Walikuwa watu wenye matumbo. Walikuwa watu waliotoka zamu ya usiku, macho mekundu, jina limeshonwa mgongoni na mke. Ulimwona mtu kwenye televisheni Jumamosi, Jumatatu ukamkuta kwenye foleni ya mkate, ukamwambia, "Ile pini ya saba uliipiga kizembe," naye akakujibu, "Mama yako," mkaendelea na maisha. Leo nikiwasha televisheni naona vijana wenye meno. Sina neno nao. Ila hakuna hata mmoja ninayeweza kumtukana kwenye foleni ya mkate.

Basi wiki ile ikawa zamu ya ukumbi wa Kubacki, na mchezaji wa kwetu akawa Florian Dudzik, dhidi ya bwana mmoja mrefu kutoka mji wa Flint aliyeitwa Orville Stamm. Mafundi wa televisheni walikuja asubuhi na taa kubwa za kuweza kukaanga yai. Kufikia saa tisa vanishi ya njia ilikuwa inanukia na Kubacki mwenyewe alikuwa anazunguka na ndoo ya maji, hajui amwagie nini.

Sasa nisikilizeni vizuri, kuna sheria yetu moja, na bila hiyo hamtaelewa lolote. Mtu akishapiga straiki tatu mfululizo, ukumbi unaganda. Ulipokaa ndipo utakapokaa. Hakuna kuinuka, hakuna kubadili mguu uliokunja, haja ndogo utaipeleka baadaye. Na mchezaji mwenyewe hageuki nyuma kuwatazama watu wake, mkewe ndiyo kabisa. Akigeuka amekata uzi. Haijaandikwa popote, lakini nimemwona kwa macho yangu Benny Sroka, mwanaume wa kilo mia na ishirini, akijikojolea kwenye kiti kwa ajili ya straiki za binamu yake, na hakuna aliyemcheka. Tulimpigia makofi.

"Benny alimwagikiwa na bia," Florian amesema.

"Hivyo ndivyo alivyotuambia yeye."

"Chester."

"Haya, bia. Bia iliyopitia kwa Benny."

Amecheka kidogo, viazi vimemponyoka. Nimefurahi. Hajacheka kutoka moyoni wiki mbili hizi, na mtaona kwa nini.

Halina alikuja siku ile na kofia mpya ya njano, aliyoinunua kwa ajili ya televisheni. Nikamwambia, "Dada, televisheni haina rangi. Itaonekana ya kijivu." Akanijibu, "Mimi najua ni ya njano." Huyo ndiye Halina. Alikaa benchi ya mbele, nyuma tu ya mahali mumewe anapoanzia hatua, na kwa joto la zile taa akaivua kofia akaiweka pembeni yake. Baadaye kofia ile ilipatwa na mambo fulani, lakini hayo hayatuhusu.

Mimi nilichelewa kidogo. Nilikuja na bia mbili na mfuko wa bisi, nikapenya, nikaketi upesi pale palipokuwa na nafasi, kushoto kwa dada yangu. Akanigeukia, macho yamemtoka, akafungua mdomo aseme kitu. Hapo hapo ukasikika ule mlio mmoja kule mbele. Straiki ya tatu. Halina akaufunga mdomo.

Ya nne. Ya tano. Sasa palikuwa na kamera mbili: moja ya kumfuata mchezaji, nyingine ya kutazama watu. Kijana wa ile ya pili alishaona kitu. Kila Florian alipopiga straiki, yeye aliigeuza kamera yake mpaka kwa Halina, taa nyekundu ya kamera ikawaka, na jiji zima likamwona dada yangu. Tuliambiwa baadaye. Kwa mwezi mzima watu walimsimamisha njiani. "Ni wewe! Ni wewe yule mke!" Walisema alikuwa na uso ambao ulikuwa unacheza mchezo wenyewe, huhitaji hata kuona pini. Walioko nyumbani waliuona. Sisi tuliokuwa ukumbini tulikuwa tunatazama pini.

Na Florian hakugeuka. Ya saba, ya nane. Mgongo wake ulikuwa umelowa mpaka jina DUDZIK, alilolishona Halina kwa uzi mwekundu, likaanza kuchuja rangi kwenye shati. Ya kumi. Orville Stamm wa Flint alishakaa chini amekunja mikono, amekuwa mtazamaji kama sisi. Ya kumi na moja. Nilikuwa na bia mkononi tangu straiki ya tatu na sikuthubutu kuinyanyua.

Ukabaki mpira mmoja.

Hapo nitasimama kwanza.

Halina alifariki majira ya baridi ya mwaka 1986. Moyo. Alikuwa kwenye foleni ya mkate. Sasa ni mwaka 1993. Miaka saba Florian amekaa kwenye nyumba hii na picha zake ukutani, na picha hizo, Mungu anisamehe, hazifai. Dada yangu alikuwa anaogopa kamera. Akiona mtu anaishika anasimama kama anayepimwa urefu hospitalini. Harusi, ubatizo wa Renata, Krismasi zote: mwanamke aliyekauka, mikono ubavuni. Mtu asiyemjua atasema alikuwa mkali. Sinema ya nyumbani hatukuwa nayo. Hakuna mahali popote duniani ambapo Halina anaonekana akijongea, isipokuwa Jumamosi ile, kwa sababu Jumamosi ile alisahau kwamba kuna kamera.

Sasa mwezi uliopita Renata akasoma gazetini kwamba stesheni ile ya televisheni inahama jengo, na ghalani wamekuta kanda za zamani za vipindi. Akawaandikia barua. Wakamjibu kwamba lipo boksi lenye maandishi: Bingwa wa Jumamosi, ukumbi wa Kubacki, Februari 1961. Kumbe siku ile walikuwa wameturekodi ili wenzao wa mji wa Toledo waonyeshe wiki iliyofuata.

Florian alinyoa ndevu mara mbili asubuhi ya kwenda kuiona. Alivaa tai. Mimi ndiye niliyeendesha gari, maana ndiye dereva bora katika familia.

"Taa ilikuwa nyekundu," alisema njiani.

"Ilikuwa inaelekea kuwa nyekundu."

Halafu akasema, bila kunitazama:

"Shemeji, wewe unakumbuka alivyokuwa anacheka?"

"Halina? Nakumbuka, bwana. Nitasahauje?"

"Mimi nakumbuka kwamba alikuwa anacheka. Ile namna yenyewe ndiyo imenitoka." Alikuwa anaivuta tai kana kwamba imembana. "Nilijua sauti itaondoka. Mwaka wa pili sauti ikaondoka. Nikasema si kitu, uso ninao. Sasa nikifumba macho naona zile picha za ukutani tu. Naona yule mwanamke wa kwenye fremu. Nisipomwona leo, Chester, nitabaki na yule."

Nikapita taa nyingine nyekundu.

Kule stesheni tulipokewa na binti mmoja anaitwa Yvonne Tolliver, mpole, ana kalamu kichwani. Alitukalisha kwenye chumba kidogo chenye mashine kubwa kama kabati. Akaleta boksi. Akamwonyesha Florian maandishi ubavuni, mwandiko wa mtu wa zamani, wino umefifia. Florian akayagusa kwa kidole. Yvonne akatoa kanda, pana kama mkanda wa seremala, akaifunga kwenye mashine akatuambia, "Sijaiangalia. Nilitaka muwe wa kwanza."

Picha ikacheza, ikatulia. Akatokea mwanaume mwenye kofia ndefu nyeupe. Mbele yake meza. Juu ya meza bata mzinga mbichi.

"Habari za mchana, akina mama," akasema yule mpishi.

Nilimtazama Yvonne. Yvonne aliitazama kanda, akalitazama boksi, na mkono ukamwendea mdomoni.

"Samahani sana," akasema. "Mzee, samahani. Kanda zilikuwa ghali mno siku zile. Walikuwa wanafuta na kurekodi tena juu yake, mara ishirini, mara thelathini. Boksi halikubadilishwa tu. Nilipaswa kuangalia kwanza. Nizime?"

"Acha iende," Florian akasema.

"Mzee, chini yake hakuna kitu. Kikishafutwa kimefutwa, hakirudi."

"Huenda mwishoni wamebakiza."

Basi tukakaa. Tai shingoni, kofia mapajani, tukatazama bata mzinga akipakwa siagi. Tulimtazama akijazwa mkate na vitunguu. Nilijaribu kutania, nikasema yule mpishi anafunga mapaja kama mtu aliyejifunzia mafundo melini. Hakuna aliyecheka. Kila mpishi alipogeuka kwenda kwenye jiko Florian alisogea mbele kwenye kiti, labda sasa, labda hapa watakata. Dakika ishirini na nane. Bata akatoka, akakatwa, mpishi akainama kuaga, halafu zikaja chenga. Yvonne akaziacha chenga zile ziende mpaka kanda ikaisha yenyewe ikawa inapigapiga kwenye mashine, tap, tap, tap, na hakuna aliyenyanyuka kuizima.

Florian akasimama. Akamshika mkono Yvonne.

"Bata ameiva vizuri," akamwambia. "Ahsante, mwanangu."

Binti alilia. Sisi hatukulia, sisi ni watu wa kiwandani. Tulikaa ndani ya gari kwenye maegesho yao mpaka vioo vikashika ukungu.

Sasa msidhani alikata tamaa siku ile ile. Florian ni mtu wa milango, mmoja ukikataa anaangalia bawaba. Alikaa siku mbili akiandika majina ya watu waliotazama siku ile wakiwa majumbani, maana hao ndio waliouona uso wa Halina. Karatasi ikajaa. Halafu akaanza kuweka misalaba. Jaworski mwenye bucha, msalaba. Padri Ignacy, msalaba. Wengine walihamia Florida, ambako ni karibu sawa na msalaba. Likabaki jina moja, Stefania Krol, aliyekuwa jirani yetu, sasa yuko nyumba ya wazee ya masista, ana miaka tisini.

Tukaenda na keki. Alitujua mara moja, akanibusu, akaniambia nimenenepa vibaya.

"Bibi Stefania," Florian akamwambia, amechuchumaa mbele ya kiti chake, "unaikumbuka ile siku ya televisheni? Mpira wangu wa mwisho?"

"Kama jana! Nilikuwa na rozari mkononi. Uliurusha, nikasema Mama wa Mungu, unaenda vizuri, unaenda vizuri..."

"Na Halina? Walimwonyesha Halina?"

"Walikuwa wanataka kumwonyesha! Naona picha inageuka, inamwendea. Basi Walter wangu, mpumbavu yule, apumzike kwa amani, akaona picha inachezacheza. Akanyanyuka akaipiga televisheni kofi la ubavuni." Alipiga kiti chake kuonyesha. "Chenga tupu! Iliporudi ni tangazo la sabuni. Sikumsemesha Walter mpaka Pasaka."

Alicheka mpaka akakohoa. Florian naye alicheka, kwa heshima. Akamkatia keki, akamfunika miguu.

Kwenye gari akaniambia, "Umebaki wewe."

"Nimebaki mimi nini?"

"Ulikuwa umekaa pembeni yake, Chester. Bega kwa bega. Mimi nilikuwa nimempa mgongo, kwa ajili ya ule ujinga wetu. Straiki kumi na moja nimempa mgongo. Ningegeuka mara moja tu. Nani angekufa?" Akanigeukia. "Wewe ni mwongo, shemeji. Umekuwa mwongo tangu nikujue. Lakini ulikuwepo. Nataka uniandikie. Ule mpira ulipofika, ile pini ilivyobaki, alifanyaje? Uso ulikuwaje? Usiongeze. Usipambe. Kama alipiga chafya andika alipiga chafya. Nitasoma kila siku mpaka niwe naiona."

"Niachie mimi," nikamwambia. "Umekuja kwa mtu mwenyewe."

Ndiyo maana niko hapa, siku ya tatu leo, na daftari la Renata. Mmeona jinsi nilivyoeleza vizuri kila kitu. Kila kitu mpaka mpira wa kumi na moja.

Florian amenyanyuka. Ameenda jikoni kupasha moto supu ya kabichi, nasikia anatafuta mfuniko. Niseme upesi.

Sikumwangalia.

Mimi kaka yake, niliyekaa naye bega kwa bega, sikumwangalia. Nilikuwa naitazama pini. Tulikuwa watu mia mbili na hamsini mle ndani na macho yetu yote mia tano yalikuwa kwenye pini moja ya mbao, na uso wa dada yangu ulikuwa hapa, karibu na sikio langu, na mimi nausikia unapumua. Ningegeuza shingo tu. Shingo haikukatazwa, sheria ilikuwa ni makalio. Nilichonacho ni hiki: alinishika mkono, hapa, juu ya kiwiko, na kucha zake ziliingia. Kucha nne. Nilikuwa na alama mpaka Jumanne. Hilo ni kweli kabisa, naliapa mbele ya yeyote.

Lakini mtu amekuomba uso. Utampa kucha nne? Nimelala nalo siku tatu. Mara nafikiri nimwambie, halafu namkumbuka alivyokuwa anasogea mbele kwenye kiti kila yule mpishi alipokwenda jikoni. Nikimwambia sikuona, basi ndiyo imekwisha. Hakuna mtu mwingine. Atarudi kwenye zile picha za ukutani na huyo mwanamke aliyekauka, na mimi ndiye nitakuwa nimemrudisha huko. Na nikidanganya, je? Atasoma kila siku, atamwona Halina niliyemtengeneza mimi na daftari la dukani. Niambieni ninyi, wenye shule. Mimi naandika na kufuta.

Anakuja. Nasikia visahani. Nageuza ukurasa.

Basi. Mpira wa kumi na mbili.

Florian alijifuta kiganja kwenye suruali. Ukumbi ulikuwa kimya hivi kwamba ulisikia taa zinaunguruma. Akachukua hatua zake nne, hana haraka, akauachia. Mpira ukaenda ukingoni mwa njia, ukafikiri, ukaanza kurudi ndani kama ng'ombe anayejua zizi. Ukaingia pale pale, kati ya pini ya kwanza na ya tatu, ule mlio mmoja. Tisa zikaenda. Ya kumi, ile ya kona ya kulia, ikatikisika. Ikainama kushoto. Ikainama kulia. Ikasimama wima kama askari wa getini. Mia mbili tisini na tisa.

Ameweka bakuli la supu kando ya kiwiko changu. Amesimama nyuma yangu. Nausikia mvuke.

"Hapo ni kweli," amesema kwa sauti ya chini. "Ndivyo ilivyokuwa. Endelea, shemeji."

Na Halina, dada yangu, aliyekuwa kuliani kwangu, hakulia na hakuziba uso. Alitabasamu kwanza kwa jicho moja, kama alivyokuwa anafanya. Halafu akacheka, kicheko kile chake, akaruka juu kama msichana wa miaka kumi na saba, akainyakua ile kofia yake ya njano kutoka kwenye benchi, akairusha hewani, ikapaa juu ya taa zote, ikazunguka mara tatu, na ukumbi mzima ukainua vichwa kuiangalia ikish—

"Chester," amesema, na mkono wake umeshuka begani kwangu. "Kofia ulikuwa umeikalia wewe. Tangu straiki ya tatu."